Harufu ya Gesi: Ipi ni Kengele na Ipi ni Sumu

Mtu anayeachana na mkaa na kuhamia kwenye gesi ya mtungi hukutana na jambo ambalo hakulitarajia: gesi ina harufu mbaya. Hainuki kama moshi aliouzoea. Hunuka kama kabichi iliyooza au kitunguu kilichovunda, na mtungi unapokaribia kwisha harufu hiyo huongezeka. Ni rahisi kwa mtumiaji huyo kuhitimisha kwamba ameuziwa gesi chafu, au kwamba huko kiwandani haikusafishwa ipasavyo. Jirani yake mwenye ng'ombe na mtambo wa bayogesi naye husikia harufu, ila yake ni ya mayai viza. Huyu hakumbuki tena kulalamika. Ameizoea, na anaamini kwamba gesi inayotokana na kinyesi haiwezi kunuka vinginevyo.

Wote wawili wamekosea, na kosa la kila mmoja ni kinyume cha kosa la mwenzake. Harufu ya mtungi si uchafu. Imetiwa kwa makusudi baada ya gesi kuoshwa hadi ikakosa harufu. Harufu ya bayogesi ndiyo uchafu wenyewe: ni gesi yenye sumu ambayo haijaoshwa na mtu yeyote. Anayezichanganya harufu hizi anaweza kuipuuza ile inayomwita atoke nje, au kuivumilia ile inayomdhuru.

Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya watumiaji wa Chole na kata jirani za Wilaya ya Kisarawe. Kwa miongo mingi misitu ya Mkoa wa Pwani, Kisarawe ikiwemo, imelipatia jiji la Dar es Salaam mkaa, na jiko la mafiga bado ndilo jiko la nyumba nyingi. Mambo yameanza kubadilika. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Watu wengi watawasha gesi kwa mara ya kwanza katika miaka hii. Ni haki yao kujua kilichomo ndani ya mtungi, na jinsi kilivyosafishwa kabla ya kuwafikia.

Gesi huoshwaje?

Neno "kuosha" hapa halitumiki kwa mzaha. Gesi huoshwa kweli, kwa kimiminika, na kanuni yake kila mtu ameiona kwenye chupa ya soda. Soda iliyofungwa, ikiwa ya baridi, imeshika ndani yake gesi ya kaboni dayoksaidi bila mtu kuiona. Ukifungua kizibo, mgandamizo hupungua na mapovu huanza kupanda. Ukiiacha juani, gesi yote hutoka na soda hubaki maji matamu tu. Maana yake ni kwamba kimiminika hunyonya gesi kikiwa baridi na chini ya mgandamizo, na huiachia kikipata joto na mgandamizo ukishuka. Mitambo mikubwa ya kusafishia gesi, pamoja na ukubwa wake wote, imejengwa juu ya kanuni hiyo.

Katika mitambo hiyo kuna mnara mrefu wa chuma. Gesi chafu huingizwa chini ya mnara na kupanda. Kimiminika kinyonyaji humwagwa juu na kushuka, kikipitia sahani nyingi zenye matundu ili kigusane na gesi kila hatua. Mpangilio huo wa kupishana una faida yake: gesi iliyokwisha kusafika, inapokaribia kutoka juu, hukutana na kimiminika kipya ambacho bado hakijanyonya kitu, na hivyo hata uchafu mdogo uliobaki hukamatwa. Gesi hutoka juu ikiwa safi, na kimiminika hutoka chini kikiwa kimejaa uchafu. Kisha kimiminika hicho hupelekwa kwenye mnara wa pili, hupashwa moto, huachia kila kilichonyonya, hupoozwa, na kurudishwa kazini. Kimiminika kilekile huzunguka hivyo siku hadi siku.

Maji matupu hunyonya, lakini kwa uchoyo. Kwa sababu hiyo viwanda vingi hutumia maji yaliyochanganywa na kemikali za jamii ya amini, ambazo ni ndugu wa amonia. Njia hii ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1930 kwa jina la Robert Bottoms, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi duniani. Haidrojeni salfaidi na kaboni dayoksaidi zina asili ya asidi, na amini ina asili ya besi, zikikutana hushikana. Uzuri wa amini ni kwamba haishiki kwa nguvu sana. Kwenye joto la nyuzi 40 hivi huzikamata gesi hizo, na ikipashwa hadi nyuzi 110 au 120 huziachia. Besi kali zaidi ingezikamata na isiziachie tena, na mwenye kiwanda angelazimika kununua nyingine kila siku.

Gesi ya mitungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani, hupatikana kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi na kwenye mitambo ya gesi asilia. Tanzania huagiza yote kutoka nje, kwa kuwa kiwanda cha TIPER kilichopo Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Hivyo kazi ya kuosha huwa imefanyika ng'ambo kabla meli haijatia nanga Dar es Salaam au Tanga. Huko, baada ya amini kuondoa haidrojeni salfaidi, gesi hupitishwa tena kwenye maji ya sodiamu haidroksaidi, kemikali ileile ambayo watengeneza sabuni wa mitaani huiita kostiki. Safari hii kinachotafutwa ni merkaptani, jamii ya kemikali za salfa zenye harufu kali. Mwisho, kipande cha shaba kilichong'arishwa hutumbukizwa ndani ya gesi na kuachwa kwa muda uliowekwa. Kikitoka kimeingia weusi, gesi hiyo bado ina salfa inayokula metali na haifai kuuzwa. Kipimo hicho ni cha maana kwa mnunuzi, kwa sababu koki ya mtungi na viungo vya regulata yake vimetengenezwa kwa shaba nyeupe na njano, na gesi chafu ingevila polepole hadi vianze kuvuja.

Tuseme neno moja kuhusu huo uchafu unakokwenda. Haidrojeni salfaidi iliyokamatwa haimwagwi. Hubadilishwa kuwa salfa ya njano. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani siku hizi hutokana na usafishaji wa mafuta na gesi. Mkulima wa korosho wa Kisarawe anayepulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, kwa vyovyote ameshika mkononi kitu ambacho huenda kilianza maisha yake kama sumu ndani ya mnara wa amini.

Harufu inayorudishwa

Baada ya hatua hizo gesi haina harufu. Mtu angedhani kwamba hapo kazi imekwisha, kumbe hapo ndipo hatari mpya inapozaliwa. Gesi isiyonuka ikivuja ndani ya nyumba, hakuna atakayejua hadi mtu awashe kiberiti.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya jengo la shule. Cheche moja ilitosha. Watu wapatao 300 walikufa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Hakuna aliyekuwa ameisikia. Ndani ya muda mfupi jimbo hilo likapitisha sheria ya kuitia gesi harufu, na nchi nyingine zikafuata.

Kwa hiyo gesi inayouzwa kwa ajili ya kupikia hutiwa etili merkaptani kwa kiasi kidogo kilichopimwa. Msomaji makini atauliza: kwa nini merkaptani ziondolewe, kisha merkaptani itiwe tena? Ni kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa mchanganyiko usiojulikana kiasi chake. Leo zingekuwa nyingi, kesho zisiwepo. Kengele haiwezi kuachiwa bahati nasibu. Ile inayotiwa hukadiriwa ili mtu mwenye pua nzima aisikie wakati gesi iliyomo hewani ingali sehemu moja tu ya tano ya kiwango kinachoweza kushika moto. Propani huanza kuweza kuwaka inapofikia asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba. Pua huitambua kabla haijafika nusu asilimia. Pengo hilo kati ya kuisikia na kulipuka ndilo muda ambao mtumiaji amepewa wa kufanya jambo.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la mtungi unaokaribia kwisha. Kemikali ya harufu huvukiza polepole kuliko propani na butani, hivyo mtungi unapotumika gesi hutangulia kutoka na harufu hubaki nyuma, ikijikusanya kwenye kimiminika kidogo kilichosalia. Harufu ikizidi katika siku za mwisho za mtungi, huku jiko likiwaka vizuri na viungo havivuji, hakuna haja ya kumlaumu muuzaji. Lakini harufu ikisikika wakati jiko limezimwa, hiyo si ya mtungi kwisha. Gesi inavuja.

Hapo utaratibu ni huu. Funga koki ya mtungi. Zima moto wa mafiga au mkaa ikiwa uko mbali na gesi na unaweza kuufikia kwa usalama. Kama uko karibu, toka kwanza. Usiwashe wala kuzima taa ya umeme, usiwashe kibatari, usitumie simu ndani ya chumba hicho. Fungua milango na madirisha, watoe watoto, na ukiwa nje piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114 ikiwa gesi imejaa au koki haifungi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni na kujikusanya kwenye mabonde ya chumba, chini ya kitanda, kwenye shimo la taka lililo karibu na mlango. Kwa hiyo kukosa kuisikia ukiwa umesimama wima si uthibitisho kwamba haipo. Mahali inapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni, likipakwa kwenye koki, regulata na mpira. Kiberiti hakitumiki kamwe kwa kazi hiyo.

Tunaihimiza tahadhari moja kwa nyumba za vijijini kuliko nyingine zote. Familia nyingi hazihami kabisa kutoka kwenye kuni. Hupika chai kwa gesi na maharage kwa mafiga, mara nyingi katika jiko hilohilo la uani. Hilo halikatazwi na mtu, na kwa hali ya kipato ni busara. Ila mtungi na mafiga visikae chumba kimoja. Ikiwa hakuna namna, koki ifungwe kabla kuni hazijawashwa.

Kengele yenyewe nayo ina udhaifu. Mwenye mafua haisikii vizuri, na uwezo wa kunusa hupungua kadiri umri unavyosonga. Bibi anayebaki nyumbani peke yake na wajukuu asitegemewe awe mlinzi wa harufu. Tena kutu ndani ya mtungi huweza kuidhoofisha kemikali ya harufu. Mtungi mtupu ulioachwa koki wazi huingiza hewa na unyevu, na ndani yake kutu huanza kazi. Funga koki hata kama mtungi umekwisha, na urudishe dukani ukiwa umefungwa.

Kuhusu ununuzi tutasema kwa kifupi, kwa kuwa ni mambo ambayo yameelezwa mara nyingi. Lakiri ya mtungi iwe haijakatwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukijumlisha na kilo za gesi ulizolipia unapata uzito ambao mizani inapaswa kuonyesha, na muuzaji anatakiwa kuwa na mizani na kukupimia mbele yako. Anayekaa mbali na duka na kuagiza kwa bodaboda amwombe mwendeshaji ampelekee karatasi ya mauzo, na mtungi usafirishwe ukiwa wima. Mtungi ukilala, kimiminika huweza kufika kwenye koki na kutoka badala ya gesi. Malalamiko huanzia kwa muuzaji. Asipoyashughulikia, hupelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, yakiambatana na karatasi hiyo.

Gesi asilia ya kwetu

Gesi inayotoka Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, ni gesi nyingine, na kwa sasa haimfikii mpishi wa Chole isipokuwa kwa njia ya umeme. Inastahili kutajwa kwa jambo moja: imejaliwa kuwa safi tangu ardhini. Karibu yote ni methani, na haidrojeni salfaidi haimo kwa kiasi cha kuhangaisha. Kazi kubwa kwenye mitambo ya Songo Songo na Madimba ni kuitenganisha na maji kabla haijaingia kwenye bomba la kilomita zaidi ya 500 linaloileta Dar es Salaam, kwa kuwa unyevu hulisha kutu na huweza kugandamana na gesi na kuziba njia. Duniani kote kimiminika kinachotumika zaidi kukausha gesi ni glikoli, ambayo hunyonya maji kama chumvi inavyonyonya unyevu wa masika, kisha huchemshwa na kurudishwa.

Bayogesi, ambayo hakuna aliyeiosha

Tumeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayomhusu mtumiaji ambaye hana kiwanda nyuma yake. Mwenye mtambo wa bayogesi ni mzalishaji, msafishaji na mtumiaji kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2009, chini ya mpango wa bayogesi za majumbani uliosimamiwa na CAMARTEC ya Arusha, mitambo ya kuba la matofali imejengwa katika mikoa mingi ya Tanzania, na shule na vikundi vya wafugaji vinaendelea kuulizia. Kilo 25 hivi za kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takribani mita moja ya ujazo ya gesi. Katika gesi hiyo, methani inayowaka ni asilimia 50 hadi 70. Inayobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Na ndani yake imo haidrojeni salfaidi, ambayo mara nyingi hufikia sehemu 1,000 au hata elfu kadhaa kwa kila sehemu milioni moja.

Kiasi hicho kinaonekana kidogo. Pua huisikia haidrojeni salfaidi hata kabla haijafika sehemu moja katika milioni. Ikifika 100 hivi, ndani ya dakika chache mishipa ya kunusa hulemaa na mtu hudhani kwamba harufu imekwisha. Ikizidi 500 huangusha mtu, na ikikaribia 1,000 huweza kuua kwa pumzi chache. Hii ndiyo tofauti ambayo tungependa kila mwenye mtambo aishike kuliko maneno mengine yote ya somo hili: harufu ya mtungi ikipotea, huenda gesi imetoka, harufu ya mayai viza ikipotea ghafla karibu na mtambo, inawezekana pua ndiyo iliyokufa.

Ikiungua jikoni, haidrojeni salfaidi hugeuka kuwa gesi nyingine ya salfa inayowasha macho na koo. Ndiyo maana jiko la bayogesi linahitaji madirisha kama jiko la kuni, ingawa halina masizi. Na isipoungua yote, hula vichwa vya jiko, mabomba ya chuma na taa.

Basi yafaa kuiosha. Ila kwa nini?

Ushauri unaopita mdomo kwa mdomo ni kupitisha gesi kwenye chupa ya maji: bomba moja linaingia hadi chini, mapovu yanapanda, na gesi "safi" inatoka juu. Tumeupima ushauri huo kwa hesabu ya kawaida. Kwenye joto la nyuzi 25 na bila mgandamizo wa ziada, lita moja ya maji haiwezi kushika hata lita moja nzima ya kaboni dayoksaidi, na hapo ni pale gesi hiyo inapokuwa peke yake bila kuchanganyika na nyingine. Ili kuiondoa kwenye mita moja ya ujazo ya bayogesi, zingehitajika lita 1,200 hivi za maji, yaani ndoo 60 za lita 20, na kesho ndoo 60 nyingine. Haidrojeni salfaidi huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji, lakini nayo ingedai ndoo 20 na ushei. Chupa ya lita moja na nusu hushiba katika dakika za mwanzo, na baada ya hapo mapovu yanayoonekana ni mapambo. Mama anayefuata maji kisimani asidanganywe kuyapoteza kwa kazi hiyo.

Hii haina maana kwamba maji hayafai kuosha gesi. Yanafaa pale yanapokuwa mengi kupita kiasi. Katika Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, maji ya kina kirefu yamehifadhi methani na kaboni dayoksaidi kwa wingi wa ajabu. Mtambo wa KivuWatt, uliojengwa juu ya jukwaa linaloelea upande wa Rwanda na kuzinduliwa rasmi mwaka 2016, huyavuta maji hayo kutoka kina cha mita 350 hivi. Yakipanda, mgandamizo hupungua na gesi hutoka, kama soda iliyofunguliwa. Gesi hiyo ghafi huoshwa kwenye minara kwa maji ya ziwa hilohilo, ambayo hubeba kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi, kisha methani hupelekwa nchi kavu kuzalisha megawati 26 za umeme. Wana ziwa zima la kuoshea. Mitambo ya nchi kavu inayoosha kwa maji huyasukuma kwa mgandamizo wa mara nane hadi kumi ya ule wa hewa ili yatumike kidogo, na mashine hizo si za uani.

Wengine hushauri maji ya chokaa. Ni kweli kwamba chokaa hunyonya kwa nguvu kuliko maji, lakini huyeyuka kidogo mno: lita moja ya maji ya chokaa yaliyochujwa ina gramu 1.7 tu za chokaa, inayotosha kunyonya nusu lita hivi ya kaboni dayoksaidi. Jiko la kawaida la bayogesi hutumia zaidi ya lita 200 za gesi kwa saa. Lita hiyo ya maji ya chokaa itachoka kabla nusu dakika haijatimia. Kostiki ni kali zaidi, na hatuishauri kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Ikirukia jicho hulipofua, na watoto wa uani hawajui chupa ipi ina maji na ipi ina kostiki.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mpishi hana haja ya kuondoa kaboni dayoksaidi. Haina harufu, na majiko ya bayogesi yametengenezwa kwa matundu makubwa ili yawake nayo. Anayehitaji kuiondoa ni yule anayetaka kushindilia gesi kwenye mitungi au kuendeshea gari. Nyumbani adui ni haidrojeni salfaidi peke yake, na kwa kiasi chake kidogo dawa nafuu ni kutu. Chombo cha plastiki kigumu kinachofungwa vizuri, kikijazwa waya wa chuma wa kusugulia sufuria ambao umelowekwa na kuachwa hadi ushike kutu kabisa, kikiwekwa kwenye bomba kabla ya jiko, huikamata haidrojeni salfaidi. Kutu hugeuka kutoka wekundu kuwa weusi. Ukishakuwa mweusi wote, umeshiba. Badilisha ukiwa nje ya nyumba, koki kuu ikiwa imefungwa, na uumwagie maji waya huo mara unapoufungua, kwa kuwa ukigusana na hewa ukiwa mkavu hupata joto na huweza kuwaka wenyewe. Kazi ya kuunganisha chombo hicho afanye fundi wa bayogesi, si kwa sababu ni ngumu bali kwa sababu kiungo kinachovuja huleta madhara makubwa kuliko harufu iliyokuwa inaondolewa.

Limebaki jambo la shimo. Mtambo ukijaa tope gumu, mwenye nyumba hushawishika kufungua mfuniko na kumshusha kijana mwenye koleo. Haidrojeni salfaidi na kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hubaki chini hata mfuniko ukikaa wazi, na kulikoroga tope huzifungulia zilizokuwa zimefungwa ndani yake. Anayeshuka huanguka kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kazi hiyo si ya mtu wa nyumbani wala ya kibarua wa siku moja. Aitwe fundi mwenye vifaa vya kupimia na kusukumia hewa. Na mtu akiwa ameshaanguka ndani, asishuke mwingine, awe baba au ndugu. Pigeni namba 114, na mkiwa na kamba au ndoana ndefu mjaribu kumvuta mkiwa juu.